Sauti na Picha Zisipokwenda Pamoja: Juu ya Kurekodi Masomo ya Mazoezi

Maneno ya mkufunzi kuhusu somo lako waweza kuyabishia. Waweza kusema kwamba aliingia darasani akiwa amechelewa, au kwamba alikaa mahali asipoweza kuuona ubao, na pengine ukawa na haki. Lakini ukioneshwa picha yako mwenyewe ukifundisha, aghalabu hunyamaza. Nguvu hiyo ndiyo iliyofanya kanda za video ziingizwe mapema katika mtindo wa mazoezi ulioanzishwa mwaka 1963 na Dwight Allen na wenzake katika Chuo Kikuu cha Stanford, Marekani, yaani mtindo wa kumpa mwanachuo wanafunzi wachache, dakika chache na ustadi mmoja wa kujifunza, kisha kumrudisha darasani alifundishe tena somo lile lile. Siku hizo mashine za kunasia picha zilikuwa nzito na za gharama kubwa. Leo simu ya mkononi inatosha, nayo imekwisha kuwa zana ya mazoezi ya kufundisha kama zilivyo chati na kadi za silabi.

Sasa chombo chenye uwezo wa kumnyamazisha mtu hapana budi kihojiwe kwanza. Makala haya yanahusu kasoro moja tu ya chombo hicho, nayo ni sauti na picha kuachana njiani. Nimeichagua kwa sababu madhara yake ni makubwa kuliko inavyodhaniwa, kwa sababu tiba yake haihitaji fedha, na kwa sababu nimeshuhudia mwanachuo akikaribia kuhukumiwa kwayo.

Mwanachuo huyo alikuwa mwaka wa pili, akifundisha Hisabati Darasa la Tatu katika shule iliyo jirani na chuo. Darasa lilikuwa na watoto wengi na kelele za kutosha, kwa hiyo wenzake walitumia vyombo viwili. Simu ilifungwa juu ya kigoda kirefu nyuma ya darasa ili inase picha, na kinasa sauti kidogo kikaning'inizwa shingoni mwa mwalimu ili sauti yake isimezwe. Kazi ya kuunganisha sauti na picha alipewa fundi mmoja wa mjini. Filamu iliporudi tuliitazama katika chumba cha zana, wanachuo ishirini hivi pamoja nami, kila mmoja akiwa na fomu yake ya kutathmini somo.

Dakika za mwanzo zilipendeza. Katika dakika kumi za mwisho, hata hivyo, lilijitokeza jambo baya. Mtoto aliitwa, akasimama, na kabla hajafumbua mdomo tukaisikia sauti ya mwalimu ikisema, "Asante, kaa." Mtoto wa pili, hivyo hivyo. Wa tatu alionekana akitikisa midomo wakati mwalimu amekwisha kumwita mwingine. Kalamu zikaanza kwenda. Wakati wa majadiliano wanachuo walisimama mmoja baada ya mwingine, kwa heshima zote, wakasema kwamba ndugu yao ana haraka, hampi mwanafunzi nafasi ya kufikiri, anauliza ili atimize andalio la somo tu. Yeye alisikiliza hadi mwisho, kisha akasema maneno machache: "Mkufunzi, mimi nilimsubiri yule mtoto. Alijibu arobaini na mbili."

Yafaa tujiulize ni kitu gani hasa kilichokuwa hatarini pale. Alama za mazoezi zilikuwamo, ndiyo, lakini si hizo peke yake. Suala la kumsubiri mwanafunzi si dogo katika kazi yetu. Mary Budd Rowe, mtafiti wa Marekani, alionesha katika miaka ya 1970 kwamba walimu wengi hungoja kiasi cha sekunde moja tu baada ya kuuliza swali, na kwamba wakijizoeza kungoja sekunde tatu au zaidi, majibu ya wanafunzi hurefuka, watoto wengi zaidi hushiriki, na wale wanaokaa kimya hupungua. Mwanachuo huyu alikuwa amefundishwa jambo hilo na alikuwa amelifanyia mazoezi. Kama alikuwa akilitekeleza kwa kweli, nasi tukamwambia kwamba hakulitekeleza, angetoka chuoni akiwa haamini tena hisi zake mwenyewe. Angesubiri kwa mashaka, au angeacha kusubiri.

Nilikuwa sijasema neno bado. Niliomba filamu irudishwe hadi pale alipowaambia watoto wampigie mwenzao makofi matatu. Kila mwalimu wa shule ya msingi anayajua makofi hayo: pa, pa, pa, darasa zima kwa mpigo mmoja. Tuliyasikia yote matatu, na baada ya hapo ndipo tukaiona mikono ya watoto ikianza kukutana. Chumba kikacheka, kisha kikanyamaza.

Makofi ni kipimo kizuri kuliko vyote. Wapiga filamu wamekuwa wakitumia ubao mdogo wenye bawaba kwa sababu hiyo hiyo: kitendo kimoja cha ghafla kinachoonekana katika picha moja na kusikika kama mlio mmoja. Midomo ya mtu anayezungumza haifai kupimia, kwani huanza kufunguka kabla ya sauti na hukawia kufunga. Kofi halina mwanzo mrefu wala mkia. Ukiifungua filamu katika programu ya kuhariri, sauti huchorwa kama mawimbi kwenye mstari wa muda, na kofi husimama juu yake kama mwiba. Picha nayo waweza kuisogeza moja moja, zile zinazoitwa fremu, hadi uifikie ile ambayo viganja vimegusana. Umbali kati ya mwiba na fremu hiyo ndio kosa lako, na sasa lina namba.

Darasa lile lilikuwa limepiga makofi mara nyingi, ahsante kwa ukarimu wa mwalimu wao, hivyo tukapata vipimo kadhaa. Kwenye dakika ya 5 sauti ilitangulia picha kwa sekunde 0.3. Kwenye dakika ya 15 ilitangulia kwa sekunde 0.9. Kwenye dakika ya 30 ilitangulia kwa sekunde 1.8. Naomba msomaji aziweke namba hizi kwenye karatasi ya miraba kabla ya kuendelea kusoma, kama ambavyo angemtaka mwanafunzi wake afanye. Ataona mstari ulionyooka unaoanzia kwenye sifuri.

Hapa ndipo penye kiini cha jambo ninalotaka kulisema. Mtu akiona sauti imeachana na picha, mkono wake humkimbilia kuisogeza. Huivuta sauti nyuma hadi midomo ikubaliane na maneno mahali pale anapotazama, kisha hujipongeza. Lakini katika filamu yetu, kuisogeza sauti kwa sekunde 1.8 kungeponya dakika ya 30 na kuiharibu dakika ya 5, ambayo haikuwa mbaya kiasi hicho. Wapo waliofanya hivyo usiku kucha, wakisogeza huku na huku, na kosa likiwakimbia mbele yao kama kivuli. Kabla ya kusahihisha, pima mahali pasipopungua patatu: mwanzoni, katikati na mwishoni. Mwachano wa sauti na picha una tabia, na tabia hiyo ndiyo inayokuambia chanzo.

Si jambo geni kwa mwalimu. Mtoto akiandika 42 − 17 = 35, mwalimu mvivu huweka alama ya kosa na kumwandikia 25 kwa wino mwekundu. Mwalimu mwenye bidii hutazama hesabu tatu nyingine za mtoto huyo, akagundua kwamba kila mara hutoa tarakimu ndogo katika kubwa bila kujali ipi iko juu. Mtoto ana kanuni, nayo anaifuata kwa uaminifu. Kanuni ndiyo mbovu. Mashine nayo ni mwaminifu namna hiyo.

Basi turudi kwenye mstari wetu. Mwachano uliongezeka kwa sekunde 0.06 kila dakika, yaani sehemu moja katika elfu. Namba hiyo inajulikana sana na wahariri wa filamu. Simu ilikuwa imenasa fremu 30 kwa kila sekunde, na kazi ilikuwa imeandaliwa kwa fremu 29.97 kwa sekunde, ambayo ni kasi ya televisheni ya rangi ya Marekani na Japani. Fremu zilipangwa moja moja kwa kasi hiyo ndogo bila kurekebishwa, kwa hiyo picha ikawa inatembea polepole kidogo kuliko tukio lenyewe, wakati sauti iliyotoka kwenye kinasa cha shingoni ilitembea kwa mwendo wake wa kweli. Gawa 30 kwa 29.97 upate 1.001. Katika kipindi cha dakika 40, sauti hutangulia kwa sekunde 2.4. Na kwa kuwa kinasa kilikuwa karibu na mdomo wa mwalimu, kilichukua sauti yake na makofi ya darasa, lakini jibu la mtoto mwoga aliyekaa nyuma hakikulisikia. Ndiyo maana hatukuwa na njia ya kutambua kwa masikio kwamba mtoto alikuwa amekwisha kujibu.

Kasi ya picha ilirekebishwa ikawa fremu 30, nasi tukaitazama filamu upya. Mtoto alisimama. Mwalimu akanyamaza. Mwanachuo mmoja alikuwa na saa mkononi akahesabu: sekunde tatu na ushei. Midomo ya mtoto ikatikisika, ndipo ikaja ile "Asante, kaa." Maoni yaliyohusu haraka yalifutwa katika fomu zote. Yale yaliyohusu kusimama mbele ya ubao na kuwaziba watoto yalibaki, maana hayo yalikuwa kweli, naye aliyakubali.

Sasa nieleze tabia nyingine za mwachano ambazo msomaji atakutana nazo.

Kuna mwachano usiobadilika, ambao ni ule ule mwanzoni, katikati na mwishoni. Huu kweli hutibika kwa kusogeza. Vyombo viwili vilivyowashwa kwa nyakati mbili tofauti huuleta, na hakuna la kushangaza hapo. Lakini mara nyingi filamu yenyewe haina kosa lolote. Kosa liko kwenye chombo cha kuitazamia. Spika na vipokea sauti vya Bluetooth huchelewesha sauti kwa muda unaoweza kupita sehemu moja ya kumi ya sekunde. Mtu huihariri filamu akiwa amevaa vipokea sauti hivyo, akaisogeza sauti hadi akaridhika, kisha huicheza darasani kwa spika ya waya na kukuta sauti imetangulia. Kwa hiyo swali la kwanza kabisa, kabla ya kupima chochote, ni hili: je, kosa limo katika faili au katika chombo? Itazame kwa spika ya kompyuta yenyewe, kisha itazame katika kompyuta ya pili. Ukitumia programu ya VLC, herufi J kwenye kibodi huiwahisha sauti na herufi K huichelewesha, kila mguso kwa sehemu 50 za elfu za sekunde. Hiyo ni njia nzuri ya kupima ukubwa wa mwachano usiobadilika, ila isikudanganye kwamba umelitengeneza faili. Faili liko vile vile. Kilichobadilika ni namna unavyolitazama siku hiyo.

Umbali nao huchelewesha. Sauti husafiri kiasi cha meta 340 kwa sekunde. Simu iliyo meta nane na nusu kutoka kwa mwalimu huipata sauti yake baada ya sekunde 0.025, ambazo hazifikii hata fremu moja. Hapo usijisumbue. Ukiirekodi gwaride la asubuhi ukiwa meta 68 upande wa pili wa uwanja, sauti itachelewa kwa sekunde 0.2, na hilo litaonekana.

Jicho na sikio huvumilia kiasi gani? Umoja wa Kimataifa wa Mawasiliano ya Simu ulitoa mwongozo mwaka 1998 kwa watangazaji. Kwa kadiri yake mtazamaji huanza kutambua kasoro sauti ikitangulia kwa sehemu 45 za elfu za sekunde, lakini ikichelewa haitambui mpaka ifikie sehemu 125. Tofauti hiyo ina sababu inayojulikana na kila aliyekulia shamba. Mtu akipasua kuni ng'ambo ya bonde, waliona shoka likishuka, halafu ndipo walisikia. Radi nayo huja baada ya umeme. Tumezoea tangu utotoni sauti ichelewe; sauti inayotangulia tendo lake hatujapata kuisikia popote duniani, kwa hiyo hutushtua upesi. Ukilazimika kukosea kidogo, kosea upande wa kuchelewa.

Mwachano unaoongezeka nao una ndugu zaidi ya mmoja. Ule wa sehemu moja katika elfu nimekwisha kuueleza. Upo mdogo kuliko huo, unaotokana na saa zilizomo ndani ya vyombo. Kinasa sauti na simu kila kimoja kinahesabu muda kwa saa yake, na hakuna saa mbili za bei nafuu zinazokubaliana kabisa. Zikitofautiana kwa sehemu 50 katika milioni, kipindi cha dakika 40 kitaachana kwa sekunde 0.12, yaani fremu tatu za fremu 25 kwa sekunde. Upo pia mkubwa sana. Sauti za video kwa kawaida hunaswa kwa sampuli 48,000 kwa sekunde, na zile za santuri za CD kwa 44,100. Programu ikiichukulia sauti ya kwanza kana kwamba ni ya pili, dakika 10 za somo zitakuwa dakika 10 na sekunde 53. Huu hautakusumbua kuutambua, kwani sauti ya mwalimu wa kike itakuwa nzito kama ya mtu aliyetoka usingizini.

Tiba ya yote haya ni uwiano. Pima muda kati ya kofi la kwanza na kofi la mwisho katika picha, pima muda huo huo katika sauti, ugawe wa kwanza kwa wa pili. Katika filamu yetu ilikuwa sekunde 2,402.4 kwa sekunde 2,400. Programu ya Audacity, ambayo hutolewa bure, itairefusha au kuifupisha sauti kwa uwiano huo, na badiliko la sehemu moja katika elfu hakuna sikio litakaloligundua. Hata hivyo, mimi hupendelea kukirekebisha kile kilichokosewa. Kama kasi ya fremu ndiyo iliyoandikwa vibaya, iandikwe vizuri, sauti iachwe. Mwalimu anayetaka kupima sekunde za kusubiri asipende kuivuta saa iliyo sawa ifuate saa iliyoharibika.

Lakini mstari ukiwa haukunyooka, ukapanda, ukatulia, kisha ukapanda tena, jua kwamba simu yenyewe ilikuwa ikibadili kasi. Simu nyingi hupunguza idadi ya fremu mwanga ukipungua ili kila fremu ipate muda wa kutosha wa kuuvuta mwanga. Darasa lenye madirisha madogo, wingu likipita, hushuka kutoka fremu 30 hadi 24 au pungufu, kisha hupanda. Programu ya kuhariri inayodhani kwamba kasi ni moja tangu mwanzo hadi mwisho hupotea. Hapa uwiano hausaidii. Faili lipitishwe kwanza katika programu ya HandBrake, nayo ni ya bure, ukichagua kasi ya fremu isiyobadilika, na jambo hilo lifanywe kabla ya kukata hata sekunde moja. Aliyekwisha kukata na kupanga ndipo akakumbuka, hana budi kuanza upya. Kinga ni rahisi zaidi: fungua madirisha yote, sogeza dawati lililoziba mwanga, na kama simu yako ina programu inayoruhusu kuifunga kasi, ifunge.

Mwisho kuna mwachano wa kuruka. Filamu ni nzuri, nzuri, nzuri, halafu ghafla haiko sawa, na inabaki hivyo kwa kiasi kile kile. Kuna kitu kilikatika: simu iliita, au kadi ya kumbukumbu ilishindwa kupokea picha kwa kasi inayotakiwa, au faili lilifika ukubwa wa GB 4, ambao mpangilio wa zamani wa kadi uitwao FAT32 hauwezi kuuvuka, likafungwa na jingine likafunguliwa. Kuitafuta sehemu iliyokatika katika dakika 40 kwa kutazama filamu nzima ni kupoteza jioni. Nenda katikati. Kama pale pako sawa, kosa limo katika nusu ya pili. Gawa tena nusu hiyo. Kwa hatua kumi za namna hiyo utakuwa umeibana sehemu hiyo ndani ya sekunde mbili na nusu. Kata hapo, uipange upya sauti ya kipande cha pili, basi.

Huenda mwanachuo atakayefundisha Darasa la Kwanza akaona haya ni mambo ya wakufunzi. Sivyo. Walimu wengi sasa hujirekodi wakitamka silabi ili watoto wazirudie, na mtoto anayejifunza kusoma hujifunza kwa macho pia. Mwaka 1976 Harry McGurk na John MacDonald walichapisha jaribio ambalo watu walisikilizishwa "ba" huku wakioneshwa midomo ya mtu anayetamka "ga". Watu wazima wengi walisema wamesikia "da", sauti ambayo haikuwepo popote. Sasa fikiri juu ya kanda ya silabi ambayo sauti yake imesogea kwa silabi nzima: mtoto anaona midomo iliyo wazi ya "ga" na kusikia "ba", ambayo hutamkwa kwa midomo iliyofungwa. Mtu mzima ana miaka yake ya kusema na kusikia ya kumkinga. Mtoto wa miaka sita hana akiba hiyo, na tena anamwamini mwalimu.

Kwa kurekodi, basi, kanuni zetu chuoni ni chache. Simu huwekwa katika hali ya ndegeni, betri ikiwa imejaa na nafasi ya kutosha ikiwa imehakikishwa kwenye kumbukumbu. Vyombo vyote vikiisha kuwashwa, mwalimu husimama mbele na kupiga kofi moja, viganja vikielekea kwenye simu. Kipindi kikiisha, kabla ya chombo chochote kuzimwa, hupiga jingine. Wanachuo hulikumbuka kofi la kwanza na kulisahau la pili, kwa sababu mwisho wa somo kila mtu ana furaha ya kumaliza, ilhali la pili ndilo linaloonesha kama mwachano umeongezeka. Mtu mmoja hupewa kazi hiyo ya kulikumbusha. Ruhusa ya mwalimu mkuu na ya wazazi huombwa mapema kwa maandishi. Hapa Tanzania tunayo Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, na hata isingekuwepo, sura ya mtoto wa watu si zana yetu ya kufundishia.

Limebaki suala la kanda za VHS, ambazo baadhi ya vyuo vinazo makabatini, zenye masomo ya mfano ya walimu waliostaafu zamani. Zisiachwe. Kampuni ya Funai ya Japani, iliyokuwa ya mwisho kujulikana kutengeneza mashine za kuzichezea, iliacha kuzitengeneza mwaka 2016, na mashine zilizopo zinazeeka. Unapoihamishia kanda kwenye kompyuta kwa kifaa kidogo cha USB, kosa la kawaida ni fremu kupotea. Kanda iliyochakaa hutoa picha inayoyumba, kifaa hushindwa kuifuata na kuacha fremu kadhaa, wakati sauti inaendelea bila kusimama. Matokeo yake ni miruko midogo mingi, ambayo kwa mbali huonekana kama mwachano unaoongezeka, ila mstari wake hauko laini. Ingiza sauti na picha kwa kifaa kimoja hicho hicho, usiipitishe sauti kwenye tundu la kompyuta. Chomeka kifaa moja kwa moja kwenye kompyuta bila kigawanyio. Hifadhi kwenye diski ya ndani, si kwenye flashi. Funga programu nyingine zote. Programu nyingi za kunasia huonesha idadi ya fremu zilizopotea. Itazame kila baada ya dakika chache, na ukiona inapanda, simamisha, safisha vichwa vya mashine, uanze tena kipande hicho. Vipande vya dakika kumi kumi ni rahisi kuvirudia kuliko kanda nzima.

Na kabla ya kuingiza kanda yoyote, ifungue kifuniko na kuitazama kwenye mwanga. Ikiwa na ukungu mweupe kwenye kingo za utepe, iweke kando katika mfuko wake, mbali na zilizo safi, kwani ukiichezesha utauhamishia ukungu huo kwenye vichwa vya mashine na kuupanda katika kanda zote zitakazofuata.